Nyayo Bapa za Mtoto na Hofu ya Usonji

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kiume amekwisha timiza miaka mitatu, na nyayo zake ni bapa kabisa. Akikanyaga sakafu kwa miguu yenye maji, alama inayobaki ni ya unyayo mzima, bila pengo lolote upande wa ndani. Jamaa yetu wa karibu ameniambia kuwa watoto wenye nyayo za namna hiyo huwa na usonji, na kwamba mguu huonyesha mapema kabla dalili nyingine hazijatokea. Mwanangu anazungumza, anaitika akiitwa na anapenda kucheza na dada yake, lakini tangu niambiwe maneno hayo sina raha. Je, yana ukweli? Na je, nimtafutie viatu maalumu vya kuinua nyayo?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, umbo la unyayo si kipimo cha usonji, na hakuna daktari anayeweza kuutambua usonji kwa kutazama mguu wa mtoto. Niruhusu hata hivyo nieleze kwa kirefu, maana maneno uliyoambiwa yana chanzo chake, na ukikijua hayatakusumbua tena.

Karibu kila mtoto huzaliwa na nyayo zinazoonekana bapa, kwa kuwa upande wa ndani wa unyayo wa mtoto mchanga umejaa mafuta na kano zinazoishika mifupa ya mguu bado ni laini. Tao la unyayo, yaani ule mwinuko wa upande wa ndani, hujengeka polepole katika miaka kumi hivi ya mwanzo, kadiri mtoto anavyotembea, kukimbia na kuparamia vitu. Utafiti uliofanyika Austria na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapima watoto 835 wenye umri wa miaka 3 hadi 6, ukakuta kwamba asilimia 54 ya wale wa miaka 3 walikuwa na nyayo bapa, ilhali miongoni mwa wale wa miaka 6 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 24. Wavulana walikuwa nazo zaidi kuliko wasichana, na nyayo zenye kasoro halisi ya kitabibu hazikufika hata asilimia 1. Kwa umri na jinsia ya mwanao, basi, nyayo bapa ndizo walizo nazo wengi.

Sasa uweke jambo hilo kando ya usonji wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Ukikusanya watoto 1,000 wa miaka mitatu, utatarajia wapatao 8 wawe nao, na zaidi ya 500 wawe na nyayo bapa. Hata tukidhani kwamba wote wale 8 wana nyayo bapa, bado watabaki mamia ya watoto wenye nyayo kama zao ambao hawana usonji. Hata ukiizidisha idadi ya wenye usonji mara nne, kwa kuwa ziko nchi ambako uchunguzi wa kina umeonyesha viwango vya juu zaidi, hitimisho halibadiliki.

Chanzo cha maneno ya jamaa yako ni nini? Tafiti kadhaa, nyingi zikiwa za watoto wachache, zimekuta nyayo bapa mara nyingi zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wenzao. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba baadhi ya watoto hao wana misuli legevu na viungo vinavyonyumbuka kupita kawaida, na mguu wa namna hiyo hulala chini mtoto anapoweka uzito wake juu yake. Lakini viungo vya aina hiyo wanavyo pia watoto wengi wasio na usonji, na vilevile watu wenye hali nyingine za kuzaliwa nazo kama vile sindromu ya Down, ya Marfan na ya Ehlers-Danlos. Kwa hiyo, uhusiano uliopo unapitia kwenye viungo na misuli. Unyayo ni matokeo tu, tena matokeo yenye sababu nyingi.

Usonji hutambuliwa kwa mwenendo wa mtoto. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataka mambo ya aina mbili yaonekane: tofauti za kudumu katika kuwasiliana na kushirikiana na watu, na matendo yanayorudiwarudiwa au kuvutiwa mno na mambo machache tu, ikiwamo namna isiyo ya kawaida ya kupokea sauti, mwanga au mguso. Dodoso la M-CHAT-R, yaani M-CHAT iliyorekebishwa, linalotumika kuwachuja watoto wa miezi 16 hadi 30, lina maswali 20. Mojawapo huuliza kama mtoto anatembea. Hakuna hata moja linalouliza mguu wake una umbo gani.

Kinachonitia hofu zaidi, Mama, ni upande wa pili wa imani hiyo. Yupo mahali fulani mzazi ambaye mtoto wake haitiki jina lake, haonyeshi vitu kwa kidole, au amepoteza maneno aliyokuwa ameyajua, naye akaambiwa asihangaike kwa kuwa nyayo za mtoto zina tao zuri. Mtoto huyo anahitaji kupimwa mapema, na miezi inayopotea kwa kutazama miguu ni miezi ambayo angekuwa anasaidiwa. Uliyoyaeleza kuhusu mwanao yanatia moyo. Siku ukiona lolote kati ya hayo niliyoyataja, mpeleke kwa daktari wa watoto kwa sababu hiyo.

Kuhusu viatu, nakushauri usinunue. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989 uliwafuatilia kwa miaka mitatu watoto wenye nyayo bapa laini, yaani zile ambazo tao lake hujitokeza mtoto akichuchumia: nyayo za waliovalishwa viatu maalumu au kuwekewa soli za ndani hazikuimarika kuliko za wale walioachwa bila tiba. Mwingine wa India, wa mwaka 1992, uliowahusu watoto 2,300, ulikuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliozoea kuvaa viatu na asilimia 2.8 tu ya waliozoea kwenda peku. Mwache acheze peku mahali palipo salama.

Kipo kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe. Mpe mtoto kitu cha kukifikia juu ili achuchumie, nawe umtazame kwa nyuma. Tao likijitokeza anaposimama kwa ncha za vidole, mguu ni laini na hauhitaji tiba. Tao lisipojitokeza, au mguu ukiwa mgumu, ukiuma, au mmoja ukiwa tofauti na mwenzake, amwone daktari wa mifupa, maana huenda baadhi ya mifupa imeungana, jambo ambalo mara nyingi hudhihirika mtoto anapokaribia kubalehe.

SWALI: Binti yetu wa miaka tisa ana usonji na nyayo bapa. Siku hizi hukataa viatu na hukaa chini tukiwa njiani. Tunaambiwa kwamba hiyo ni tabia ya usonji tu. Je, tukubali?
Baba na mama wa binti

JIBU: Msikubali kabla hajapimwa miguu. Mtoto ambaye hawezi kueleza maumivu kwa maneno huyaonyesha kwa kukataa, kulia au kuketi, na badiliko la karibuni kama hili linastahili kuchunguzwa kama ambavyo lingechunguzwa kwa mtoto mwingine yeyote. Mwombeni daktari apime ulaini wa mguu na kano ya kisigino, kwani ikiwa fupi huufanya mguu bapa uume. Hapo mazoezi ya kunyoosha shavu la mguu, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, husaidia, na kwa mtoto mwenye maumivu soli za ndani zina nafasi yake.

Wakati huohuo chunguzeni viatu vyenyewe. Mshono wa soksi unaokwaruza vidole, au kiatu kinachobana, waweza kuwa mateso kwa mtoto ambaye ngozi yake huhisi mguso kwa ukali. Mkipewa soli mpya, mwanzeni kwa muda mfupi akiwa nyumbani, mwongeze kidogokidogo, na mwacheni achague mwenyewe kitambaa cha soksi. Akizivua, angalieni kwanza ngozi ya unyayo kama ina wekundu au lengelenge, ndipo mmshawishi azivae tena.