Kabla Hujakata Tiketi ya Kuja Moshi Desemba

Novemba ikishafika katikati, simu yangu haipumziki. Ni ndugu na marafiki walioko Dar es Salaam, na swali ni lile lile: "Kaka, mwaka huu tupande basi au treni?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua napenda reli tangu utotoni, nilipokuwa nikifuatana na babu stesheni ya Moshi kutazama mabehewa ya mizigo yakipangwa. Tangu treni ya abiria irudi kwetu Desemba 2019, baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20, nimeipanda mara nyingi. Basi nijibu hapa, kwa wote.

Acha kulinganisha saa za barabarani peke yake. Kwa hesabu hiyo basi linashinda siku zote: linatoka alfajiri na linafika jioni, wakati treni inalala njiani. Anza kuhesabu pale unapofunga mlango wako Mbagala au Tegeta, umalizie pale unapopiga hodi kwa mama, huko mlimani.

Mimi nilijifunza hili kwa kuumia. Kuna Desemba moja niliamka saa nane usiku nikachukua bajaji kuwahi stendi. Nauli niliyotozwa ilikuwa juu kabisa ya ile ya kawaida, na basi tuliloambiwa linatoka saa kumi na mbili liliondoka saa tatu. Foleni ikatushika njiani. Tulishuka Moshi saa nne usiku, hais za Kibosho zimekwisha, na dereva wa teksi akataja bei ya kukatisha tamaa. Nikalala gesti. Kwa mama nilifika kesho yake asubuhi, macho mekundu, zawadi ya mkate imepondeka. Mwaka uliofuata nilipanda treni, nikalala kitandani, nikashuka Moshi asubuhi hais zikiwa zinaita abiria. Saa ya kufika kwa mama haikupishana sana na ile ya mwaka uliotangulia, ila safari hii nilikuwa nimelala.

Ndiyo maana nasema panga safari kuanzia gari la mwisho. Jiulize hais ya Machame, Kibosho au Marangu utaipata saa ngapi, kisha rudi nyuma mpaka Dar. Anayeendelea mpaka Rombo ana safari nyingine nzima mbele yake, kwake kufika asubuhi ni muhimu zaidi. Wa Arusha, treni inafika huko tena tangu Oktoba 2020. Ukiwa na haraka shuka Moshi uchukue Coaster ipitayo Boma Ng'ombe. Kama huna haraka, kaa ndani.

Kuhusu mwendo wa treni yetu, ielewe ndipo usiichukie. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi 1911, na ni 1929 ndipo ilipofika Arusha. Upana wake ni mita moja tu na njia ni moja, kwa hiyo treni mbili zinapishana stesheni. Kipande cha kuiunganisha na Reli ya Kati kule Ruvu kilikuja 1963. Kabla ya hapo mtu wa Moshi hakuwa na reli ya nchini ya kumfikisha Dar. Umri huo unausikia kwenye kila kona.

Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, na wanaume hupangwa mbali na wanawake. Mkiwa familia, kateni vitanda vyote sita mlale pamoja. Beba shuka na sweta, maana usiku ukipita Korogwe baridi inaingia dirishani. Beba maji, na chakula ambacho hakichachi.

Ratiba ya njia hii ni siku chache kwa wiki, usiifuate kwa kubahatisha. Mvua ikiwa imenyesha sana, piga simu stesheni siku moja kabla. Reli inapita chini ya milima ya Upare na Usambara, inavuka makorongo mengi, na maji yakishuka kwa nguvu hula tuta.

Wengine wananiambia wanasubiri treni ya umeme ifike huku kwetu. Hiyo nayo nimeipanda. Mwaka 2024, ilipoanza kufika Dodoma, nilitoka Arusha kwa basi kupitia Babati na Kondoa kwa ajili yake tu. Reli ya milimita 1,435, mwendo wa mpaka kilomita 160 kwa saa, na safari ya kutoka Dodoma mpaka Dar haikutimiza saa nne. Mwenye watoto na mizigo simshauri kuzunguka hivyo. Lakini kilichonigusa zaidi ya mwendo ni abiria wenyewe. Walikuja mapema, wakakaa, hakuna aliyevutwa mkono wala kubebewa begi kwa lazima. Walikuwa wanajua saa. Nikakumbuka wapiga debe wa stendi zetu, nikaona kwamba kazi yao inaishi kwa sababu abiria hajui gari linaondoka lini. Laiti kila stendi ya Moshi na Arusha ingebandika ukutani saa za magari na kuziheshimu, hata hizi Coaster zetu zingetupa utulivu ule.

Jambo la mwisho, kaa upande wa kulia kuelekea treni inakokwenda. Milima yote iko upande huo. Kunapopambazuka Upare unatokea polepole, wa kijivu, halafu wa buluu. Na usisinzie Kahe. Hapo ndipo ilipochepuka njia ya Taveta na Voi, iliyojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ni hapo karibu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri kabla mawingu hayajapanda.

Mwaka huu tunakata chumba kizima: dada yangu, wanawe wanne na mimi kitanda cha juu. Watoto hawajawahi kupanda treni. Nimemwomba dada awaamshe tukifika Same.