Wasomaji Wauliza: Tiketi Isiyogongwa Muhuri Mjini Berlin

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao nitakuwa Berlin kwa siku tano pamoja na mama yangu, na mwenzangu aliyetangulia kufika huko amenitia wasiwasi. Anasema alinunua tiketi kwenye mashine ya kituoni, akapanda treni ya chini ya ardhi bila kuzuiwa na mtu wala lango, na baada ya vituo viwili akatozwa faini ya euro 60. Inawezekanaje mtu mwenye tiketi mkononi akahesabiwa kuwa hajalipa nauli? Na je, kuna tiketi moja itakayotutoa uwanja wa ndege hadi katikati ya jiji?

JIBU: Inawezekana kabisa, na mfikishie mwenzako pole zetu, maana kosa lake ndilo linalowanasa wageni wengi wa Berlin. Vituo vya treni vya jiji hilo havina malango ya kukagulia tiketi. Unashuka ngazi, unafika jukwaani, unapanda, na urahisi huo humfanya mgeni aamini kwamba akishanunua amemaliza. Tiketi ya karatasi inayotoka kwenye mashine ya kituoni haitambuliwi mpaka igongwe muhuri katika kijisanduku chekundu au cha njano kilichosimamishwa jukwaani. Unaichomeka kwenye tundu, unasikia mlio mfupi, na ikitoka imechapwa tarehe na saa. Wajerumani hukiita kitendo hicho «entwerten», yaani kuondoa thamani, kwa kuwa tiketi ikishagongwa haiwezi kutumika siku nyingine. Kwa abiria, hata hivyo, hapo ndipo inapoanza kuwa na thamani, na sijui mgeni angekisiaje hilo kwa kulisoma neno lenyewe.

Wakaguzi huvaa nguo za kawaida kama abiria wengine na hujitambulisha milango ikishafungwa. Kujitetea kwamba wewe ni mgeni hakusaidii sana, kwa sababu tiketi isiyo na muhuri ingeweza kutumika tena kesho, na mkaguzi hana njia ya kujua nia yako. Ukinunua tiketi kwa programu ya simu hutahitaji muhuri, lakini uinunue kabla hujaingia ndani ya treni.

Kuhusu uwanja wa ndege, eneo la usafiri limegawanywa katika kanda tatu. Ukanda A ni sehemu ya jiji iliyo ndani ya reli ya mzunguko iitwayo Ringbahn, ukanda B unaanzia hapo hadi mpaka wa jiji, na ukanda C ni viunga vilivyo nje ya mpaka huo. Uwanja wa BER, uliofunguliwa mwaka 2020, uko Schönefeld, katika ukanda C, kwa hiyo tiketi mtakayohitaji ni ya ABC, nayo itawafikisha katikati ya jiji hata mkibadilisha treni njiani. Kituo cha treni kiko chini ya jengo la abiria lenyewe. Mtego halisi huwa siku ya kuondoka: msafiri aliyezoea tiketi yake ya AB hupanda nayo treni ya kwenda uwanjani, na mara treni inapouvuka mpaka wa jiji anakuwa abiria asiye na tiketi halali. Mwenye tiketi ya AB ambayo muda wake haujaisha hana haja ya kununua nyingine nzima, kwani huuzwa tiketi ndogo ya nyongeza kwa ajili ya ukanda C.

Tiketi ya safari moja hudumu saa 2 na hukuruhusu kubadilisha treni, basi na tramu upendavyo, mradi uwe unaelekea mbele; kurudi ulikotoka hairuhusiwi. Kwa kuifuata kanuni hiyo kikamilifu, hata kuzunguka Ringbahn nzima, kilomita 37 kwa muda wa saa moja hivi, hakukubaliki kwa tiketi hiyo, kwa kuwa utaishia pale pale ulipoanzia. (Treni ya S41 huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na S42 kinyume chake.) Siku mtakayopanga kutembelea sehemu tatu au zaidi, tiketi ya saa 24 ndiyo yenye nafuu.

Kwa ajili ya mama, ningependekeza basi namba 100, linalofanya safari kati ya kituo cha Zoologischer Garten na Alexanderplatz likipitia mnara wa Siegessäule na maeneo ya Bunge. Ni basi la kawaida lenye nauli ya kawaida, na akibahatika kupata kiti cha mbele ghorofani ataona mengi bila kuchosha miguu.

SWALI: Je, baada ya saa sita usiku mgeni anaweza kurudi hotelini bila teksi?

JIBU: Anaweza, ila inategemea siku. Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili, treni za chini ya ardhi hufanya kazi hadi asubuhi karibu katika njia zote. Siku nyingine husimama takriban saa saba usiku, na nafasi yake huchukuliwa na mabasi yenye herufi N, ambayo mengi yamepewa namba ya njia ya treni yanayoifuata: N8, kwa mfano, hufuata kwa karibu njia ya U8. Kituo cha basi hilo kiko juu, barabarani, kwa hiyo usishuke ngazi kwa mazoea ya mchana, kwani huko chini utakuta lango limefungwa huku basi likipita.