Kura ya mikono inawanyima nafasi wanafunzi wapole

Mwalimu mwenzangu, umesema kila darasa lako likipiga kura, wenye sauti kubwa ndio hushinda na wengine hubaki wamenuna. Mimi naona tatizo liko kwenye kunyoosha mikono: mtoto hutazama kwanza mkono wa rafiki yake, ndipo anyooshe wake. Wape vikaratasi, wavikunje, kisha mhesabu pamoja ubaoni. Ila kabla ya kura, kila mmoja aseme sentensi moja bila kukatizwa, hata yule anayenong'ona. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na yakazingatiwa. Na tafadhali, usiwapigishe kura jambo ulilokwisha kuliamua. Watagundua, na safari nyingine hawatashiriki kwa moyo.