Kampuni inapima viwanja jirani na mashamba yetu, tunaipingaje?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Sisi ni wakazi wa Pembamnazi, Kigamboni, tunaishi kwa mihogo, minazi na mikorosho. Kampuni moja imenunua mashamba ya majirani, kama ekari 60, na imeshaanza kutangaza viwanja. Tuliitwa kikao cha mtaa, tukaandika majina na kusaini, lakini mchoro hatukuonyeshwa. Njia yetu ya kisimani inakatiza eneo hilo, na mteremko wote unashukia kwetu. Barua ya kupinga tumepeleka, saini zimejaa kurasa nne, kimya. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu zangu, nianze na ile karatasi mliyosaini, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja. Karatasi ya mahudhurio ikishabanwa nyuma ya muhtasari wa kikao, anayeusoma manispaa anaona wananchi walishirikishwa na hawakuwa na neno. Nendeni ofisi ya mtaa mkaombe nakala ya muhtasari. Kama umeandikwa "wananchi waliridhia" na hamkuridhia, andikeni barua fupi ya kuukanusha, mtaje tarehe ya kikao na kwamba mchoro haukuletwa. Saini safari hii ziwe za waliohudhuria tu. Mwenyekiti wa mtaa, kwa taarifa yenu, hana mamlaka ya kuidhinisha ugawaji wa viwanja. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri, kwenu ni Manispaa ya Kigamboni.

Kurasa nne za saini hazina uzito mnaoudhani. Afisa mipango miji hahesabu vichwa, anauliza mchoro una kasoro gani. Hoja kwamba wageni watabadilisha maisha ya hapa, au kwamba jirani asingeuza, haitawafikisha popote. Aliyeuza shamba lake ameuza. (Na hakikisheni kwenye hizo saini hayumo aliyeuza. Nimeshaona.)

Kwa hiyo ombeni kuuona mchoro wa mipango miji, na mwulize kama umeidhinishwa. Utaratibu ni mchoro kwanza, kisha upimaji na ramani yake, hati mwishoni. Bikoni zikiwa ardhini na mchoro bado mezani, hapo mna hoja nzito, na bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Mkiushika mchoro, tafuteni mvua inakwenda wapi. Ekari 60 ni zaidi ya mita za mraba 240,000. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar huileta bila shida, inamwaga hapo karibu mita za ujazo 12,000. Leo sehemu kubwa inanywewa na mchanga chini ya mikorosho. Kukiwa na mabati, sakafu na barabara zilizoshindiliwa, sehemu kubwa itateremka, na mmesema mteremko ni wenu. Mchoro usioonyesha mkondo wa maji hadi unapoishia, bali umeukatia kwenye mpaka wa shamba lenu, una kasoro inayoonekana kwa macho. Pigeni picha mahali maji yanapopita sasa, mziambatanishe na nakala ya mchoro mliyoitia alama kwa kalamu nyekundu. Kama kuna mto au ufukwe, pimeni pia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Njia ya kisimani ithibitisheni ni ya zamani. Fungueni Google Earth kwenye kompyuta, kuna picha za anga za miaka ya nyuma. Njia ya mguu kwenye mchanga mweupe huonekana vizuri. Ombeni iingizwe kwenye mchoro kama njia ya umma. Msiombe mradi wote ufutwe kwa sababu ya njia, mtakosa vyote viwili.

Barua iende kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa afisa mipango miji na diwani, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, hamjapeleka kitu. Ulizeni pia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama mradi umefanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira.

Kama bikoni imeingia ndani ya shamba la mtu, hilo ni shauri lingine, msilichanganye na barua hii. Baraza la Ardhi la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkifikia kuishtaki manispaa yenyewe, sheria inataka notisi ya siku 90, kwa hiyo mwoneni wakili mapema, kabla viwanja havijauzwa kwa watu wasiojua lolote kuhusu mgogoro wenu.