Kitabu cha kwanza: nimpe mpangaji wa kurasa muswada lini?

SWALI: Nina muswada wa maneno 40,000, nataka kuuzindua hapa Kisumu mapema Desemba. Niupeleke lini kwa mpangaji wa kurasa, yaani anayepanga maandishi kwenye kurasa za kitabu? – Msomaji, Kondele

JIBU: Mwisho wa Septemba, mradi mhariri awe amemaliza kabisa. Ukiongeza aya moja ukurasa wa 30 baada ya kurasa kupangwa, mistari inasukumana hadi mwisho wa sura na namba kwenye yaliyomo huenda zisilingane tena. Hapo ndipo wiki hupotea.

Tenga wiki tatu za kupanga, mbili za prufu (nakala ya kukagua makosa kabla ya kuchapa), moja ya masahihisho na tatu za kuchapa. Prufu isome kwenye karatasi, tafadhali, si kwenye simu.

Kwa saizi ya A5 utapata kama kurasa 160, idadi nzuri kwa sababu inagawanyika kwa 16, kwani vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa ambazo mara nyingi hukunjwa kuwa kurasa 16. Jalada la mbele laweza kuanza mapema, ila uti (mgongo wa kitabu) usubiri idadi kamili, kwani unene wake hutegemea kurasa: kurasa 160 za karatasi ya gramu 80 ni takriban milimita 8. Ukikisia unene huo, jina la kitabu litaangukia pembeni mwa uti.

ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) omba KNLS, shirika la maktaba za kitaifa Kenya, sasa hivi.