Baiskeli kwenye bustani ya ardhioevu: wahi asubuhi, fuata maji

Ndugu, umeuliza kama baiskeli inafaa kutembelea bustani ya ardhioevu iliyotengenezwa, yaani mabwawa ya matete yaliyojengwa kusafisha maji machafu, na uanzie wapi. Inafaa sana, maana haina kelele na unasimama popote. Ila wahi alfajiri, jua likishapanda ndege wengi wanajificha kwenye matete.

Uanze pale maji yanapoingilia halafu uyafuate mpaka yanapotokea, hapo ndo utaielewa. Mwanzoni maji ni machafu, yakifika kwenye matete na mafunjo yanapunguza mwendo, tope linazama, na ukichungulia shina la tete pale linapoingia majini utaona utando kama ute, humo ndo wanaishi bakteria wanaokula uchafu wenyewe, mmea unawapa pa kushikilia na oksijeni kidogo kwenye mizizi. Mimi hapo huwa nasimama hata nusu saa. Wazo hili la kusafisha maji kwa mimea, mwanasayansi wa mimea Käthe Seidel alianza kulijaribu Ujerumani miaka ya 1950, na bado linafanya kazi!

Njia ikiwa ya kokoto punguza upepo wa tairi kidogo, na kwenye daraja la mbao lenye umande shuka usukume, panateleza vibaya. Tafadhali usipite juu ya kingo za mabwawa, zikimomonyoka maji yanavuja. Maji usiyaguse, mara nyingi ni maji taka. Beba darubini na dawa ya mbu, na ukirudi osha tairi, tope hubeba mbegu za magugu mpaka bwawa lingine.