Salio linakatwa na huduma nisiyojiunga, nimfuate nani?

SWALI: Shikamoo mama. Nauza viazi sokoni Uyole, na simu ndiyo inayoniunganisha na wateja wangu wa Dar es Salaam. Siku hizi nikiweka vocha ya 1,000, muda si mrefu nakuta imepungua, na zinaingia meseji za matokeo ya mpira ambazo sikuziomba. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa "linashughulikiwa", na kila anayepokea ananiuliza upya tangu mwanzo. Kuna mkubwa wao ninayeweza kumfuata, au hela yenyewe ni ndogo niachane nayo?
Muuza viazi, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane nayo. Nimewasikiliza wengi wenye shida kama yako kwenye meza ya msaada wa kisheria hapa Mbeya, na kinachowakwamisha ni kimoja: wamelalamika sana, lakini hawana cha kuonyesha kwamba walilalamika.

Ukipiga tena, usikate simu kabla hujapewa namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Iandike kwenye daftari lako la magunia, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia. Kisha andika barua fupi, nakala mbili, uzipeleke kwenye duka la kampuni hapo mjini. Moja waigongee muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Ndani ya barua waulize swali moja: nilijiunga lini, saa ngapi, kwa njia gani? Rekodi wanazo wao, wewe huna. Kwa maoni yangu, kampuni inayoshindwa kujibu swali hilo ingelazimishwa kurudisha hela bila mjadala. Nauli ya kutoka Kyela kuja mjini inazidi salio lililokatwa, ndiyo maana watu wananyamaza, na jambo hili linaniuma sana.

Kampuni ina siku 30 za kulimaliza lalamiko. Zikipita kimya, au jibu lisipokuridhisha, nenda TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Huna haja ya kusafiri hadi Dar, ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya. Barua yenye muhuri ndiyo itakayokufungulia mlango pale. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda mamlaka hiyo iliunda pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, nao kazi yao ni kumsemea mtumiaji kama wewe. Uamuzi wa TCRA usipokuridhisha, rufaa huenda Baraza la Ushindani, ingawa kwa salio la vocha sidhani utafika huko.

Kama kilichokatwa kingekuwa pesa za wakala, zile za kutuma na kupokea, ningekuelekeza Benki Kuu, maana wao ndio wasimamizi wa malipo kwa simu. Nao wana tawi Mbeya.

Meseji hizo za mpira usizifute, hata simu ikijaa.